Mita Nne na Nusu

Usinicheke, Birindwa, nikikuambia chuma kinapumua.
Wewe unakijua kwa usukani. Mimi nimelala chini yake
tangu saa moja, mgongo juu ya katoni,
matope ya Kadutu yakinidondokea kwenye nyusi,
na nimekisikia.

Wiki jana ulinirudishia kamio ikilia kama jiwe la kusagia.
Nikafungua difu: yakashuka mafuta
yenye rangi ya chai ya maziwa.
Ukaapa hukuvuka maji marefu.
"Yalifika kwenye magurudumu tu."
Kwenye magurudumu ndipo ilipo pua yake, ndugu yangu,
kile kifuniko kidogo juu ya ekseli, kama ncha ya kidole,
ulichodhani ni pambo la kiwandani.

Sikiliza. Unaiacha Burhale, unateremka kwa gia ya pili,
mifuko ya saruji, watu juu ya mifuko, mbuzi juu ya watu.
Gia zinasuguana, mafuta yanachemka,
hewa ya ndani inavimba, inatafuta mlango, inatoka.
Hapo hakuna ubaya.
Kisha unaitumbukiza Ulindi, maji ya alfajiri,
na kila kilichovimba kinanywea.
Ekseli inashtuka, inavuta pumzi
kama mtoto aliyemwagiwa ndoo mgongoni,
na kilichoizunguka ni mto.
Basi inavuta mto.

Kwa hiyo nimeipa shingo.
Mita nne na nusu za mpira mweusi.
Unaanzia hapa, juu ya difu. Huu ulegevu nimeuacha kwa makusudi,
usije ukaukaza kwa unadhifu wako:
ekseli hupanda na kushuka kwenye mashimo,
na mpira uliobanwa Jumatatu hukatika Jumatano.
Kisha unafuata chesi, upande wa kushoto,
maana kulia kuna ekzosi, na ekzosi haina rafiki.
Vibano saba. Cha nane ni waya, nisamehe.
Hakuna mahali unaposhuka kabla ya mwisho;
nimeupitishia kidole mara mbili, macho nimefumba.
Ukiwa na tumbo, hata dogo, maji yatalala humo,
na funda moja la maji huziba kama tonge kooni.
Ule wa giaboksi nimeuunga hapa.
Mdomo uko nyuma ya kabini, juu kuliko bega lako,
umeinamishwa chini mvua isiuone,
umevikwa chujio la pikipiki.

Unauliza bei ya mpira.

Mpira sikuununua.
Ulitoka Kamituga, begani mwa kaka yangu Mugisho,
umeviringwa kama nyoka aliyeshiba.
Humu ndimo ilimopita hewa ya watu sita,
mita arobaini chini ya udongo,
na juu, kwenye mashine ya kupuliza,
nilikaa mimi, kazi yangu moja tu: isizime.

Nilikwenda kununua mandazi.
Foleni haikuwa ndefu.

Watano walipanda wenyewe. Mugisho alivutwa kwa kamba.
Yupo, anauza makaa Panzi,
na mji huu wote ni mlima:
kila ngazi tatu anasimama, anajifanya
anatazama ziwa.
Hajawahi kunilaumu. Siku moja alileta tu mpira,
akautua mlangoni, akasema, "Wewe ni fundi,
utaupatia kazi."
Ukakaa msumarini miaka minne.

Haya, washa. Ukifika mtoni, simama kwanza,
shuka, nawa uso, iache ipoe.
Wakikupigia kelele huko juu ya mifuko, wapige.
Ukirudi, kabla hujatoa hata faranga,
nitalala tena hapa, nifungue ile nati,
nitie kidole nione kama mafuta bado yana rangi ya asali.
Bei tutaongea siku hiyo.
Kipande kilichobaki nimekirudisha msumarini.