Shoti

Wilbroda, zima kwanza.
Najua hela ya korosho imeingia juzi,
najua umezifuata Masasi mjini, mita ishirini,
nyekundu, kijani, na ile buluu inayokonyeza
kama mtu mwenye siri.

Lakini wingu limekalia mlima wa Ndanda tangu saa nane,
na ekstensheni umeilaza chini, paa linapochuruzika,
ukaivisha mfuko wa sukari
ukadhani umeifunika.
Mfuko haufuniki, dada. Mfuko unateka maji.

Mwaka juzi, kwa akina Nachilongo,
mbuzi alijisugua kwenye ukuta wa bati.
Hakulia hata mee.
Taa zikaendelea kukonyeza juu yake,
nyekundu, kijani.

Zima ukutani. Kausha mikono, vaa ndala, ndipo uchomoe.
Soketi irudishe ndani,
waya uache ulegee, ushuke tumbo kidogo,
tone lidondokee pale, lisipande.
Ile iliyochunika usiitie selotepu. Itupe.

Au basi, tukae gizani leo,
tusikilize mabati yanavyopigwa.
Mtoto atazaliwa tu.
Hata zizini
hapakuwa na taa za kukonyeza.