Maoni Kuhusu Lango la Tisa

Mchezo wenyewe ni huu: unashuka darajani
na bastola moja, risasi sita,
na mji mzima unaitaka roho yako.
Ukitaka bunduki ya maana, ua mia tano.
Ukitaka viatu visivyoteleza, mia tano wengine.
Kijana mmoja wa Zimmerman aliutunga peke yake,
usiku, baada ya zamu ya kupakia mikate.

Kibanda changu kiko Kariobangi Kusini,
ukuta kwa ukuta na kinu cha kusaga posho.
Shilingi ishirini, robo saa. Viti vinne, vitatu vizima.
Kinu kikinguruma skrini hutetemeka,
unga hupenya dirishani, hutua kwenye nyusi za wachezaji,
wanaota mvi wakilenga shabaha.

Nyamweya hamung'unyi maneno:
"Hii si vita, ni kusaga.
Afadhali niende hapo jirani nishike debe,
angalau nitarudi nyumbani na unga."
Anasema hivyo tangu Februari.
Ameua elfu tatu na ushei. Kila akikaribia mia tano
stima inapotea, hesabu inarudi sufuri,
na viatu bado vinateleza.

Kerubo hupaka watu kucha sokoni.
Hufyatua kwa kidole cha kati, asichubue rangi, na huutetea:
"Mmezoea kupakuliwa. Bunduki ya kupewa haina mlio."
Hapo adui aliyemuua anainuka,
nusu ndani ya ukuta, miguu ikitembea hewani
kama mtu aliyekumbuka deni.
Kerubo anakohoa. "Basi, hilo nalo litarekebishwa."

Otiato anaandika nyuma ya risiti za tokeni:
adui wa nne hafi akiwa ameketi;
mlango wa benki hufunguka ukiupa mgongo;
mvua hunyesha ndani ya nyumba tu.
"Mahindi haya yameingia dumuzi," anasema,
na kuweka ishirini nyingine mezani.

Halafu kuna shimo.

Daraja la saba, nyuma ya duka la miwani,
ukienda kinyumenyume huku unaruka,
ardhi inakusahau.
Unaanguka, na hufi.
Huko chini pametulia, rangi ya chai yenye maziwa mengi.
Juu yako barabara zisizo na udongo,
nyayo za maadui zikikutafuta, tap, tap.
Hakuna hesabu.

Lemayian, askari wa usiku, huja alfajiri na robo saa yake.
Huenda moja kwa moja shimoni, akalaza padi magotini.
Nilimuuliza mbona hachezi.
"Nimelinda geti usiku kucha, dada.
Hapa hakuna geti."

Alhamisi toleo jipya likashuka, likamaliza bando langu lote.
*Tumesikia maoni yenu*, skrini ikasema.
Yuko peke yake, lakini aliandika *tumesikia*.
Sasa adui wa nne anakufa vizuri.
Mvua inanyesha nje, mahali pake.
Stima ilipopotea, hesabu ilibaki.
Nyamweya akapata viatu,
akatembea navyo hadi benki, akarudi, akaweka padi chini.
"Sasa?" akauliza. Hata Otiato hakuwa na la kuandika.

Alfajiri Lemayian akaja. Kinyumenyume, akaruka.
Ardhi ilimkumbuka.
Akaruka tena. Mara kumi na moja;
nilihesabu, kwa kuwa kinu kilikuwa bado hakijaamka.
Akanirudishia padi ikiwa na jasho.
"Zimebaki dakika tisa. Mpe mtoto."

Nambari ya yule kijana iko mwisho wa mchezo,
ambako hajafika mtu ila mimi,
usiku, nikishafunga, bila kulipa.
Nikamwandikia: mia tano ni nyingi, punguza.
Ahsante kwa mvua.
Ila lile shimo la nyuma ya duka la miwani,
ungeliacha.

Jibu liliingia saa tisa usiku:
"Hata mimi nilikuwa nashuka huko nikitoka kwenye mikate.
Nilidhani ni mimi tu."