Aliyeila Klachi

Fundi Muturi aliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa,
sahani nyeusi, pana kama ya pilau ya mtu mmoja.
Akainusa, kisha akanisogezea nami ninuse:
chanuo la moto lililosahaulika kichwani.
"Miezi saba tu," nikasema. "Ilikuwa mpya. Risiti ninayo."
"Risiti haiendeshi gari, mama."

Barabara ya Kirinyaga ilikuwa ikigonga vyuma
kutoka mlango hadi mlango,
na mimi nilikuja na mshtakiwa wangu tayari:
Shikuku, dereva, kando ya rundo la tairi,
kofia mkononi kama aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Kesi nilikuwa nimeifunga nyumbani.
Mguu wake wa kushoto! Nimeuona kwa macho yangu
umelala juu ya pedeli kutoka Uthiru hadi Westlands
kama paka kwenye kochi la wageni.
Elfu kumi na nane, klachi pamoja na ufundi.
Elfu tatu kila mwisho wa mwezi, kwa miezi sita.
Nimeshaandika daftarini, kwa kalamu nyekundu.

Lakini Muturi hana haraka.
Akapapasa sili akitafuta mafuta. Kukavu.
Akabonyeza springi moja moja. Nzima.
Akamulika flaiwili kwa simu:
madoa ya samawati, jicho la mtu aliyepigwa jana.
"Huyu hakuwa mzembe," akasema.
"Mzembe huacha alama nyingine.
Huyu alikuwa anabembeleza.
Kwani gari hili hubeba nini?"

Mayai.
Trei tisini kutoka Wangige, alfajiri,
South B, Pipeline, vibanda vinavyofungua kabla ya jua.
Na sauti yangu dirishani kila siku:
*Polepole, Shikuku. Ondoka kama umebeba mtoto aliyelala.*
Na lile daftari, ukurasa wa nyuma,
safu ya yaliyovunjika,
shilingi kumi na tano kwa kila yai,
jina la anayelipa juu yake.

Basi mtu akajifunza.
Mlima wa Valley Road, foleni hadi juu,
breki ya mkono hakuigusa, maana ikiachiliwa hushtua;
alilishikilia gari kwa pedeli,
nusu amekanyaga, nusu ameachia,
injini ikiunguruma palepale,
dakika kumi, dakika ishirini,
na kila mshtuko uliokuwa uende kwenye trei
ukaishia humu, kwenye sahani hii,
ukigeuka moshi.

Nilitafuta mwingine wa kumbebesha.
Dalali wa yadi, na kilomita zake za kurudisha nyuma.
Aliyejenga matuta manne mbele ya shule moja.
Hata marehemu baba, aliyenifunza kuendesha
na kuniambia mguu ukae tayari, ukae tayari,
maana Jumapili gari hilo huliendesha mimi,
na kiatu changu cha kushoto, nikikitazama,
kisigino kimeliwa upande.

Shikuku hakuinua sauti.
"Ilibidi kitu kiumie, mama.
Nikachagua kile usichokihesabu."

Muturi akajifanya anatafuta spana.

Tuligawana gharama. Si nusu kwa nusu;
sitasema ni vipi, hesabu yenyewe bado inanipa haya,
na ile elfu tatu ya Machi
nilimrudishia ikiwa imekunjwa ndogo sana,
kama noti ya sadaka usiyotaka jirani aione.

Kesho yake niliketi kando yake.
Klachi mpya huuma mapema, gari likaruka kidogo
tulipotoka langoni, na nyuma yetu,
kwenye trei ya juu kabisa, tulisikia,
wote wawili tulisikia,
*ka.*

Daftari lilikuwa mapajani mwangu.
Nikamuuliza kama redio inafanya kazi.