Ukurasa wa Mwisho

Newala, mwezi wa saba, saa mbili usiku.
Ukungu umepanda kutoka Shimo la Mungu
ukakaa barazani kama mgeni asiyebisha hodi.
Nimejifunika blanketi hadi kidevuni,
chai ya mchaichai inafuka juu ya stuli,
na hapa ukurasa wa tisa
ameshakufa mtu.

Usinipe pole. Marehemu hakupendwa na yeyote.
Alikuwa mkopeshaji mwenye ulimi wa upupu,
na mwandishi, Mungu ampe heri, kamuua upesi,
bila damu ya kutuchafulia shuka,
ili tuwahi vitumbua.

Maana mpelelezi wangu ni muuza vitumbua.
Hana bastola, hana cheo,
ana miwani iliyofungwa uzi
na goti linalouma mvua ikikaribia.
Inspekta anamwambia, "Mama, rudi jikoni,"
naye anarudi, ndiyo, anarudi
kuhesabu vikombe vilivyotumika usiku ule:
watu watatu, vikombe vinne.

Hapo napiga paja, paka anaruka.
"Shemeji huyo! Mvua yote ile,
mbona viatu vyake vikavu?"

Mchana mimi karani wa chama cha msingi:
magunia, mizani, mifuko ya salfa,
na wakulima wanaouliza malipo yaliyobaki yataingia lini,
fumbo ambalo hata muuza vitumbua
angelivulia miwani.
Ndiyo maana usiku nataka fumbo lenye mwisho.
Nataka mwovu mwenye haya kidogo,
akitajwa jina aangushe kijiko,
akiri yote, tena kwa sentensi ndefu.

Sasa sikia.
Juzi nimefika mia na themanini na nne.
Wote wameitwa sebuleni, mlango umekomewa,
muuza vitumbua kafuta miwani kwa pindo la kanga,
kasema, "Muuaji yumo humu, naye ni..."
Nikafunua.
Jalada.

Sikulala.
Kitabu kilipita mikono mitatu kabla ya yangu.
Somoe Nampoto, fundi cherehani:
kaacha uzi wa zambarau ukurasa wa arobaini.
Mwalimu Chihako: kasahihisha tahajia kwa kalamu nyekundu,
na mtu wa namna hiyo hachani karatasi.
Bwana Nnunduma wa duka la pembejeo:
alama za vidole vya salfa, njano, kila penye maiti.
Kila mmoja nilimpelekea swali nimelivika salamu.
Somoe akacheka hadi akajichoma sindano.
Mwalimu akanuna.
Nnunduma akaapa hajawahi kukigusa,
vidole vyake vya njano vikiwa mezani, vinanitazama.

Jioni njaa ikanipeleka stendi,
kwa Binti Hokororo, korosho za kukaanga,
zimefungwa kwenye karatasi iliyosokotwa kama pembe.
Nikala moja.
Nikala ya pili.
Kwenye ya tatu nikasoma: "...akaangusha kijiko."

Nikamimina korosho mfukoni, nikakunjua.
Mia na themanini na tano! Kila kitu kimo:
kilio, sababu, sumu ya kikombe cha nne,
inspekta akiomba radhi huku anatafuna kitumbua cha bure.
Ila pale penye jina,
mafuta na masizi yamegonga doa
la duara, jeusi, kamili
kama muhuri wa chama.

"Karatasi hizi unapata wapi?"
Binti Hokororo akapepea jiko ambalo halikuhitaji kupepewa.
"Si mwanao Chilumba?
Karatasi moja kwa korosho tano."

Nikarudi nyumbani polepole,
nimeficha ushahidi ndani ya blauzi.
Somoe asijue. Mwalimu nitamwomba radhi, sitamwambia kwa nini.
Chilumba alikuwa anakoroga chai.
Akaniona, akaona karatasi inachungulia shingoni,
akaangusha kijiko.

Mimi bado nasema ni shemeji.