Enyi Wauza Parachichi

Bibi yangu Tupokigwe hakujifunza Kiswahili sokoni.
Alikipata kanisani, benchi la tatu upande wa kinamama,
kikiwa kimeshavaa kanzu na kufunga mshipi.
Ndiyo maana hata leo, akishuka Tukuyu siku ya gulio,
husimama mbele ya mafungu, kikapu mkononi, akanena:
"Enyi wauza parachichi,
mbona mwayaficha yaliyooza chini ya yaliyo mema?"
Na vijana, badala ya kucheka,
hupangua fungu wakalipanga upya.

Hasemi "alisema". Husema "akanena".
Akitaka kuvuka barabara hainui mkono,
husema tu, "Tazama,"
na pikipiki zinampisha.
Daktari wa wilaya alimwuliza, Mama, unaumwa wapi?
Akajibu: "Mifupa yangu yanung'unika tangu kuchwa kwa jua."
Daktari akakuna shavu kwa kalamu,
akaandika: baridi yabisi.

Mimi ni mchapaji, ofisi ya tafsiri,
chumba cha dirisha moja linalotazama migomba
na mvua ambayo huku haiagi.
Wazee watatu wanagombania neno moja la Kinyakyusa
tangu Jumatatu. Leo Alhamisi.
Mzee Ambakisye anasema lifutwe, vijana hawalijui,
wakilisikia wanadhani ni jina la dawa ya ng'ombe.
Mchungaji Asangalwisye anavua miwani:
"Baba yangu alilia kwa neno hilo.
Ukilifuta, machozi yale utayaandika kwa lipi?"
Nachapa. Nafuta. Nachapa.
Chai inapoa, inaota ngozi.

Zamani yalikuwa maneno ya jikoni haya.
Lwitiko ni ndugu yake kuitika:
umeitwa, umesema "eeh", basi.
Yakaingia kitabuni mguu peku,
yakakaa humo miaka mingi, yakisomwa kwa sauti ya juu,
yakatoka yamenenepa,
tukawapa watoto kama majina.
Sasa ukitaka kujua maana zake
usiniulize mimi, wala wazee. Uliza mtaani.
Ipyana, yaani neema,
alinikopa elfu kumi mwezi wa pili, hapokei simu.
Lusubilo, yaani tumaini, ana gereji Katumba;
kila ukienda anakwambia njoo kesho.
Lusekelo, furaha mwenyewe, hajacheka
tangu mumewe aelekee Chunya kutafuta dhahabu.
Na Lwitiko, mtoto wa dada yangu,
ukimwita haitiki.

Jioni nilimbebea Bibi karatasi zenye neno jipya,
lile jepesi, lililoshinda kwa kura mbili.
Nikamsomea karibu na moto.
Akasikiliza, kidole shingoni,
akaniomba nirudie. Nikarudia.
"Naam," akanena, "limeeleweka."
Kisha akaniangalia kwa huruma,
kama mtu niliyeuziwa jogoo asiyewika.

Usiku baridi ya Rungwe iliniamsha.
Ng'ambo ya ukuta wa mbao alikuwa anasali,
nikatega sikio nisikie zile "enyi",
zile "tazama", kanzu yote ile ya maneno.
Hapakuwa na hata moja.
Kwa Kyala alikuwa anaongea Kinyakyusa cha uani,
kile cha kumenyea ndizi:
kwamba viazi vimeingia ukungu,
kwamba paa linavuja pale pale, si palitengenezwa?
kwamba huyu mjukuu anafuta maneno kutwa nzima
na harudi na nyama.
Akanyamaza kidogo, kama anayempisha mwenzake aseme.
Akacheka.
"Ndaga," akasema, taratibu,
kama jirani aliyeletewa chumvi,
akazima taa.

Kulipokucha alikuwa barabarani na kikapu chake.
Nilimsikia kutoka kwenye kona,
anamkemea kondakta: "Ewe kijana!"