Swichi

Naisukuma kulia, inarudi kushoto
kama mbuzi aliyekataa zizi.
Usiku wa tatu huu, hapa Cheyo.
Umeme umerudi saa nne, mbu wakaja nao.

Humu ndani mna mizinga mia mbili na kumi na saba,
kila mmoja na mti wake,
na njia ya kuufikia ukitokea Sikonge.
Wenyewe walinitajia kwa kunong'ona.
Mzee Kapaya hakuutaja mninga wake
mpaka nilipofunga mlango.

Mwizi wa asali siku hizi hapandi mti kwanza.
Anabeba laptopu.

Nimezima, nimewasha. Nimesasisha hadi bando likakata.
Nimeingia kwa akaunti, nywila mara mbili.
Yenyewe inasema haiwezekani,
haisemi kwa nini.

Nikampigia Nyanzala, yuko Nzega, kashalala.
"Windows alikuwekea nani?"
Fundi wa stendi, mwaka juzi.
"Basi yule alikizima kile kidude cha kutunzia funguo,
amalize upesi akale. Washa, ubonyeze F2
kabla haijajua imeamka."

Skrini ya buluu, herufi za kizamani.
Nikakiona: kimezimwa.
Miaka miwili, kimezimwa!

Alfajiri swichi imekaa kulia, imetulia.
Inaandika fumbo lake taratibu, mti baada ya mti,
na mimi nimeshika karatasi
yenye tarakimu arobaini na nane za kufungulia yote,
nazunguka sebuleni, chumbani, jikoni.

Kapaya ana mninga.
Mimi nitaificha wapi?