Kabari

Tangazo la tanzia tuliliandika sebuleni, Buruburu,
kila mtu na neno lake.
Shangazi Mkamburi alitaka "shujaa".
Mjomba alitaka nchi zote zitajwe kwa mfuatano:
Zambia, Sudani, Lesotho, Nepali, halafu Sudani tena.
Mama alikuwa akichambua mchele. Akasema,
"Andikeni kwamba alikuwa anarudi."
Hatukuandika. Gazetini nafasi hulipiwa kwa neno
na mjomba alikuwa keshahesabu.

Mhandisi Elistone Mwawasi, mjenzi wa madaraja.
Mimi namjua kwa sanduku la kijivu mlangoni,
limefungwa kamba ya katani mara mbili
kwa sababu zipu hakuiamini.
Aliamini timazi. Aliamini pimamaji,
akaiweka juu ya jiko, juu ya fremu ya picha ya harusi,
na siku moja juu ya utosi wa kaka yangu Mwachofi
kuhakikisha kinyozi hakupendelea upande.

Barua zake zilikuja kwa penseli, karatasi ya miraba:
Mto wa huku una jeuri. Bomba la jikoni bado lavuja?
Mwambie Mwachofi asiguse nati ya chini mpaka nifike.
Jumapili alipiga simu.
Sauti ilifika nyuma kidogo ya yeye mwenyewe,
tukazoea kumpenda kwa kuchelewa.
Halafu siku moja, Oktoba, gari la kukodi langoni,
maua ya zambarau yamenata kwenye kioo,
naye hata hajavua koti
yuko chini ya sinki, anaomba spana.

Lakini meza yetu ya kulia ilikuwa na mguu mfupi.
Mtu aliyekutanisha kingo za mito
hakuurefusha mguu ule, wala hakuipunguza mitatu.
Aliutia kabari ya karatasi. "Ya muda tu," alisema.
"Na katika kazi yetu, Malemba,
hakuna kinachodumu kama kitu cha muda."

Jana usiku, wageni wa matanga walipoondoka,
nilifagia chini ya meza, nikaichomoa.
Sijui kwa nini. Mikono ilitaka kazi.
Ikafunguka, kunjo baada ya kunjo,
ngumu kama ngozi ya viatu:
tiketi ya ndege. Nairobi, Khartoum.
Tarehe tisa Julai, mwaka wa themanini na sita.
Haijachanwa.

Mama alivaa miwani, akaisoma mbele na nyuma.
"Julai ile ulikuwa na nimonia. Baridi ile.
Ofisi ilituma dereva mara tatu.
Yeye yuko wodini, kwenye benchi la wauguzi,
anahesabu pumzi zako kwa saa ya mkono,
kila dakika tano anaandika,
kama mtu anayepima kina cha mto wakati wa mafuriko."
"Na daraja?"
"Daraja gani?"
"La Khartoum, Mama."
"Alilijenga mwingine. Au lilimngoja, sikumbuki.
Asubuhi yalipungua, akalala palepale, viatu miguuni."

Alisema *yalipungua*, kama maji.

Jumamosi tutampandisha Wundanyi
kwa barabara ya kona aliyoilalamikia miaka arobaini
("nani alichora hii, nyoka?").
Mjomba atazitaja nchi zote, tutatikisa vichwa.

Juu ya paa tangi lilianza kuguruma,
maji ya kanjo yamerudi, saa nane usiku,
saa ambayo angeamka na tochi kuangalia boya.
Hakuna aliyeamka. Sisi wawili tulikuwa macho tayari.
Niliikunja tiketi kwa mikunjo yake ya zamani,
nikainua kona ya meza kwa goti, nikairudisha.
Mama akaweka kikombe,
akainama, akaitazama chai
mpaka ilipotulia.